YAH: Mchana mmoja kila baada ya wiki mbili kwa mwalimu wa sayansi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
na Mheshimiwa Waziri wa Nchi, OR-TAMISEMI.
Nakala: Taasisi ya Elimu Tanzania, Baraza la Mitihani la Tanzania, Tume ya Utumishi wa Walimu.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu, kama tunavyoandikiana serikalini.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Kemia katika sekondari moja ya kata wilayani Lushoto. Habari za mshahara na madaraja nimeziacha makusudi. Zina wasemaji wake, tena wenye sauti kunizidi. Naandika juu ya jambo ambalo sisikii likisemewa: mwalimu wa sayansi akishapata cheki namba na kuripoti kituoni, nani anaendelea kumfundisha yeye, wapi, na saa ngapi?

Sitasema hakuna kilichofanyika. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Vijijini watu walichangia mawe, mchanga na fedha, wengine kwa moyo, wengine kwa kusukumwa, na muda uliopangwa ukapita majengo mengi yakiwa hayajaezekwa. Baadaye mengi yakasimama. Mwaka 2020 ukaja mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 kwa ajili ya SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, na kata ambazo hazikuwa na sekondari zikaanza kuzipata. Ukatoka pia mwongozo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, chini ya Taasisi ya Elimu. Ukisoma nyaraka, mwalimu wa leo ana jengo la kufundishia na ana mpango wa kumwendeleza.

Sasa njooni siku isiyo ya ziara. Njooni Machi, Jumanne, bila kumpigia simu Mkurugenzi. Katika shule nyingi mtakuta maabara ina kufuli, au ina kidato cha pili wanasoma Historia ndani yake kwa sababu madarasa hayatoshi. Sinki kavu. Kabati la dawa lina chupa ambazo lebo zimefutika. Mwenye ufunguo ni mwalimu mmoja, na mwalimu huyo saa hiyo yuko darasani, kwa sababu Fizikia ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ni yake peke yake. Fundi sanifu maabara hakuna. Kwa hiyo vyombo vikitumika, wa kuviosha, kuvihesabu na kuvirudisha kabatini ni yuleyule.

Kufuli hilo hufunguka robo ya mwisho ya mwaka, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia. Ndipo tunapokimbizana. Bureti, ile mirija mirefu yenye koki ya kupimia kimiminika, zinatolewa kwenye maboksi, motopoa inanunuliwa, mwanafunzi anashika pipeti kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne ya sayansi kichwani na wiki chache mkononi. Tunamfundisha vitendo kama anayefundishwa gwaride: simama hapa, soma hapa, andika hivi. Naye kwa kuwa ana akili, anagundua njia ya mkato ambayo hakuna mwalimu wa sayansi nchini asiyeijua. Anapika data. Anajua grafu inatakiwa inyooke na ipite kwenye sifuri, basi anachora mstari kwanza, nukta anazipanda baadaye. Anajua ujazo wa wastani unatakiwa uangukie wapi, basi mara tatu zote zinaangukia hapohapo, hata kama bureti yenyewe ilikuwa inavuja.

Tunamlaumu, lakini hicho ndicho tulichomfundisha. Tumemwonyesha sayansi ambayo jibu linakuja kabla ya kipimo.

Wilaya yangu ina historia katika jambo hili, na naona tunaitaja kwa fahari tu bila kuitumia. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, hapahapa Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi kwenye friza ilikuwa inagombewa, basi akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Akaja kusikia kwa rafiki yake kwamba wauza aiskrimu wa Tanga mjini hufanya hivyohivyo kila siku ili igande upesi, wala hawaoni ajabu. Alipofika Mkwawa, Iringa, wakaanza na mada ya joto, sheria ya Newton ya upoaji, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo kila alipokosea darasani jina lake likawa kichekesho.

Watu wengi huishia hapo wakimcheka yule mwalimu. Mimi nawaomba muangalie mambo mawili yaliyofuata. La kwanza: mchana mmoja Mpemba alikuta maabara ya Baiolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akaingia, akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Mlango ulikuwa wazi, basi. La pili: Dk. Denis Osborne alipokuja shuleni kuzungumza, akitokea Chuo Kikuu Dar es Salaam, Mpemba alisimama akamuuliza swali lake mbele ya wenzake, nao walimwona anawaaibisha. Osborne akamuuliza kama kweli amejaribu. Aliposema ndiyo, akajibu kwamba hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atajaribu mwenyewe. Na alijaribu. Fundi wake wa maabara alikuta maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kwa nia njema kabisa kwamba watarudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Hata huko chuoni mkono wa kupika data ulikuwa karibu! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao kwenye jarida la Physics Education, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo lipo kweli, na kama lipo ni kwa sababu gani.

Yule mwalimu wa Mkwawa simlaumu sana. Alikuwa na kanuni kitabuni, darasa mbele yake na mtihani nyuma yake. Osborne alikuwa na maabara, fundi, na muda. Ni rahisi mtu kusema "sijui, nitajaribu" akiwa na mahali pa kujaribia. Mwalimu asiye na mahali hapo atalinda heshima yake kwa njia iliyobaki, ambayo ni kumnyamazisha anayeuliza.

Waheshimiwa, mnajua pia tulikotoka sisi wenyewe. Sekondari za kata ziliota kwa kasi kuanzia 2004, na walimu hawakuota kwa kasi hiyo. Wakapelekwa darasani vijana waliotoka kidato cha sita na mafunzo ya muda mfupi sana. Wananchi wakawaita vodafasta. Baadaye ikaja programu maalumu ya stashahada ya ualimu wa sayansi pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambayo mwaka 2016 ilivunjwa na wanafunzi zaidi ya 7,000 wakarudishwa makwao katikati ya masomo. Wapo walimu wanaofundisha vitendo ambavyo wao walipokuwa wanafunzi walivifanyia mtihani wa maandishi tu, ile karatasi mbadala wa vitendo, bila kugusa bika. Sisemi haya kumdharau mtu. Baadhi ya walimu hodari niliowahi kufanya nao kazi ni vodafasta. Lakini hodari hao walijifunza kazini, kwa bahati ya kuwa na mwenzao wa karibu wa kuuliza, na mfumo mzima hauwezi kuachiwa bahati.

Hapa ndipo MEWAKA inapokwama, angalau kwetu huku. Inatutaka tuwe na jumuiya za kujifunza ndani ya shule. Ni wazo zuri. Tunakaa, mwalimu wa Kiingereza, wa Historia, wa Kilimo na mimi, tunajadili namna ya kuuliza maswali darasani au ya kuwashirikisha wanafunzi wa nyuma. Napata faida. Ila nikikosea kuhusu kupinda kwa mwanga kwenye prizimu, katika jumuiya hiyo hakuna wa kunisahihisha. Sekondari ya kata mara nyingi ina mwalimu mmoja wa Fizikia. Jumuiya ya mtu mmoja haipo.

Semina nazo tunazijua. Anachaguliwa mmoja, anakwenda mkoani, anakaa ukumbini anaangalia slaidi, anarudi na cheti na faili kwenye flashi, kisha anatakiwa atoe mrejesho kwa wenzake nusu saa baada ya vipindi, watu wana njaa. Vitendo vya maabara havipiti kwenye slaidi. Huwezi kumfundisha mtu kusikia kwa vidole kwamba koki ya bureti imekaza kupita kiasi.

Niwape mfano wa kinachoweza kutokea. Walimu wa Fizikia wa shule chache za jirani tuliwahi kukubaliana kukutana mchana mmoja mmoja, kwa nauli zetu, katika maabara ya mwenzetu. Hakukuwa na mgeni rasmi. Siku moja tukafanya pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, zoezi ambalo kila mmoja wetu amelifundisha mpaka analifundisha usingizini. Mipira ya chuma haikuwepo, tukafaragua kwa jiwe na uzi wa fundi cherehani. Tukapima urefu wa uzi mpaka kwenye fundo, tukahesabu mibembeo 20, tukabadilisha urefu, tukarudia, tukachora mraba wa kipindi, yaani wa muda wa mbembeo mmoja, dhidi ya urefu. Mstari ukanyooka vizuri, lakini ukakataa kupita kwenye sifuri.

Mmoja akasema saa imechelewa. Mwingine akasema uzi unavutika. Yupo aliyependekeza, nusu mzaha, tuusogeze mstari kidogo mambo yaishe. Ndipo mwalimu mmoja mama, aliyetuzidi uzoefu, akachukua rula akaurefusha mstari kwa nyuma, upande wa kushoto wa sifuri, mpaka ukakata mhimili wa chini. Ulikata kama sentimita mbili nyuma. Akaweka rula kwenye jiwe: kutoka kwenye fundo mpaka katikati ya jiwe, kama sentimita mbili. Pendulamu haiishii kwenye fundo, inaishia kwenye kitovu cha uzito wa kinachoning'inia. Mteremko wa grafu ulikuwa sahihi na ulitupa mvutano wa dunia karibu kabisa na 9.8. Ile sehemu iliyokataa sifuri ilikuwa inatuambia kitu kingine ambacho hatukukiuliza: kitovu cha jiwe kiko wapi, bila kulipasua.

Nikaipeleka kidato cha tatu wiki iliyofuata. Sikuwaambia mstari utapita wapi. Kundi moja lilichora upite kwenye sifuri kwa mazoea, kundi la pili likaona lao halipiti na likadhani limefeli. Tukaweka grafu zote mbili ukutani. Ubishi uliotokea pale sijawahi kuupata kwa kuchora ubaoni. Msichana mmoja, si wa kwanza darasani wala wa pili, akauliza kama njia hiyo inaweza kutafuta kitovu cha kitu chochote, hata kilichopinda. Wakaning'iniza kiazi. Wakaning'iniza kufuli la maabara yenyewe. Kundi lililopata 9.5 liliandika 9.5 na kueleza kwa nini linadhani limekosea, na nikalipa alama kamili. Kuna wanafunzi katika darasa lile ambao hawakupika data tena, kwa sababu waligundua kwamba data ikipikwa inanyamaza.

Mikutano yetu ikafa. Wawili walihamishwa, mmoja akakosa ruhusa kwa kuwa mchana huo si kazi inayotambulika popote, na nauli za bodaboda milimani si za kubeza. Hakuna aliyetukataza. Hatukuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote, na kisicho kwenye ratiba shuleni hakiishi muda mrefu.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo la kwenye kichwa cha habari. Mchana mmoja kila baada ya wiki mbili, walimu wa somo moja la sayansi kutoka shule za jirani wakutane katika maabara moja, wafanye kwa mikono yao kitendo watakachokifundisha wiki inayofuata. Mchana huo uwe kwenye ratiba ya shule, wakuu wa shule waujue, uingie kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kama jukumu lenye uzito wake, na nauli itoke halmashauri. Afisa Elimu Kata au Mthibiti Ubora akija, akae achukue uzi apime naye, asije na fomu ya kujaza.

Wazo hili si langu na si geni. Wajapani kwa zaidi ya miaka 100 walimu wao hupanga somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine hukaa darasani wakiwatazama wanafunzi badala ya kumtazama mwalimu, kisha hulichambua. Jirani zetu Kenya walianza mradi wa SMASSE mwaka 1998 kwa msaada wa Japan, kwa walimu wa Hisabati na sayansi peke yao, na leo wana CEMASTEA pale Karen, Nairobi, chuo cha kudumu cha kazi hiyo. Wana malalamiko yao pia, nayasikia. Ila mwalimu wa Fizikia wa Kenya ana mlango anaoujua kwa jina.

Baraza la Mitihani, nanyi mna sehemu yenu. Ripoti zenu za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zile tunazoziita CIRA, ni hazina. Zinaonyesha swali kwa swali walikojikwaa, pamoja na sampuli za majibu yao wenyewe. Ziko kwenye tovuti, kila somo, kila mwaka. Walimu wanazipakua, zinakaa kwenye simu. Zikisomwa mchana ule na watu wanne wenye bureti mezani, zitafanya kazi mliyoziandikia. Na katika kusahihisha vitendo, tafuteni namna ya kumpa alama mwanafunzi anayeandika kipimo kisichopendeza na kukieleza. Darasani tunafuata mnachokilipa. Mkililipa jibu zuri, tutapika.

Fundi sanifu maabara nimekwisha mtaja, narudia kwa sababu ni rahisi kusahaulika. Mmoja kwa kila shule akikosekana, mmoja kwa shule tatu anayezunguka angalau atafungua kufuli. Ufadhili wa Samia Scholarship kwa vijana waliofaulu vizuri sayansi kidato cha sita ni jambo jema, nina wanafunzi wa zamani wanaoutamani. Lakini unamkuta mtoto mwishoni mwa safari. Wengi walishaikimbia Fizikia kidato cha pili, siku walipouliza swali wakachekwa.

Na kuna kalenda. Kwa sera ya 2014 toleo la 2023, elimu ya lazima ni miaka 10 na msingi unaishia la sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Naona maandalizi ya madarasa na madawati yanasemwa sana. Mwalimu mmoja wa Fizikia wa shule yangu atakuwa bado mmoja, na mbele yake watoto mara mbili.

Hamhitaji kuanza nchi nzima. Chukueni wilaya moja, hata isiwe Lushoto msije mkasema najipendelea, zigaweni shule zake kwa klasta za umbali wa bodaboda, toeni waraka wa kurasa mbili unaotaja siku na saa, na tengeni fedha ya nauli na dawa za maabara kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka msituulize tumehudhuria vikao vingapi. Nendeni madarasani mkaangalie grafu za wanafunzi, muone ni ngapi zinazokataa kupita kwenye sifuri, na mwanafunzi ameandika nini chini yake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Fizikia na Kemia,
Sekondari ya kata, Lushoto, Tanga.